Kanumba na Machozi ya Wanaume: Uhakiki kutoka Malukhu

Nilikuwa na umri wa miaka kumi Steven Kanumba alipofariki. Habari ilifika Malukhu siku ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, kesho yake ikiwa Pasaka. Jirani na nyumba tuliyopanga palikuwa na kibanda cha filamu: mbao, mabati, mabenchi sita na televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Ubaoni pale mlangoni paliandikwa mechi za siku hiyo. Mwenye kibanda alizifuta kwa kiganja, akaandika kwa chaki: KANUMBA, SIKU NZIMA.

Nilidhani wanaume waliokuja kutazama mpira wangegomba. Walilipa, wakaingia, wakakaa. Mlikuwa na waendesha bodaboda, wapakiaji wa magunia kutoka kwenye maghala, na vijana waliokuwa wakingoja kazi tangu asubuhi. Filamu ya pili ilipofika mahali ambapo Kanumba analia, mpakiaji mmoja aliyekaa mbele yangu alivuta kofia yake mpaka puani. Nilimwona, naye alijua kwamba nimemwona.

Nimeikumbuka kofia hiyo mara nyingi tangu nilipoanza kusoma fasihi ya Kiswahili chuoni. Mwaka jana, katika somo la tamthilia, tulijadili iwapo filamu za Tanzania zinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki vitabu. Jina la Kanumba lilipotajwa, mwenzetu mmoja alisema, "Yule hakuwa mwigizaji, alikuwa mliaji." Darasa zima tulicheka, na mimi nikiwemo. Mhadhiri alituuliza swali moja tu: tunajuaje kutofautisha mwigizaji na mliaji? Hakuna aliyejibu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tunaweza kuihakiki kwa sababu iko kitabuni. Tunafungua ukurasa, tunaonyesha kidole. Kazi ya mwigizaji iko usoni, sauti na mabegani mwake, na hivyo hatujafundishwa kuvisoma.

Insha hii ni jibu langu, ingawa limechelewa. Nitakubali sehemu ya shtaka la mwenzetu, kwa kuwa Kanumba alikuwa na kasoro ambazo mapenzi ya mashabiki hayawezi kuzifuta. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba kulia kwake kulikuwa ufundi, na kwamba kwa sisi tuliomtazama kutoka Mbale ufundi huo ulikuwa na maana ambayo huenda hata watu wa Dar es Salaam hawakuiona.

Kutoka Shinyanga hadi Sinza

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alianza kuigiza angali kijana, akahamia Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akajiunga na Kaole Sanaa Group, kikundi kilichojulikana sana kwa michezo yake iliyorushwa na ITV. Watazamaji walianza kumjua katika michezo ya mfululizo kama Jahazi na Dira. Kaole ilikuwa chuo kwa waigizaji wengi wa kizazi chake, akiwemo Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula, anayejulikana zaidi kwa jina la Johari.

Wakati huo filamu za video zilikuwa zinaanza kushika soko la Tanzania. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 iliwaonyesha wafanyabiashara kwamba hadithi ya Kiswahili yenye sura za vijana wa mjini inaweza kuuzwa. Kanumba aliingia wakati mlango huo umeshafunguka. Mwaka 2006 alicheza katika Dar 2 Lagos pamoja na waigizaji wa Nigeria, na tangu hapo alionekana kama mtu mwenye haraka. Zikaja Oprah, Uncle JJ, This Is It, Young Billionaire, na nyingine nyingi. Mwaka 2011 alitoa Devil Kingdom, ambamo alicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria. Alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza filamu, akajiita The Great, na watu wakakubali kumwita hivyo.

Alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28. Maelfu ya watu walikwenda kumuaga katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, siku tatu baadaye. Kesi iliyofuata kifo chake ilishaamuliwa na mahakama, na mimi sina la kuongeza. Ninalotaka kulitazama ni kazi aliyoiacha. Ni kazi ya mtu aliyefanya mengi katika muda usiofika miaka kumi, na kasi hiyo inaonekana ndani ya filamu zenyewe, kwa uzuri na kwa ubaya.

Jukwaa ndani ya kamera

Ili kumwelewa Kanumba ni lazima tuanze na namna ya kuigiza aliyolelewa nayo. Vikundi vingi vya maigizo vya Dar es Salaam, tangu enzi za vichekesho vya jukwaani, havikutegemea mswada uliojaa maneno. Kiongozi wa kikundi alisimulia kisa, akagawa nafasi, kisha kila mwigizaji akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watazamaji. Mwigizaji wa namna hiyo hujifunza mambo mawili. La kwanza ni kusikiliza, kwa sababu hajui mwenzake atasema nini. La pili ni kutoacha pengo, kwa sababu jukwaani ukinyamaza watu wataanza kuzungumza wao.

Mafunzo hayo yote mawili yamo katika filamu za Kanumba. Jambo la kwanza lilimpa Kiswahili kilicho hai. Watu wake wanazungumza kama wanavyozungumza watu waliokasirika kweli: wanakatizana, wanarudia neno, wanaacha sentensi katikati. Mtu aliyesoma Kiswahili kwa vitabu, kama sisi, anapata pale darasa ambalo halimo katika sarufi yoyote. Mimi nilijifunza maana ya "jamani" katika kibanda, kwa kusikia namna neno moja linavyoweza kuwa ombi, lawama au kicheko kulingana na sauti inayolibeba.

Jambo la pili lilimdhuru. Kamera haihitaji kujaziwa pengo. Mtazamaji wa filamu ameketi karibu na uso wa mwigizaji kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mbele cha ukumbi. Anaona kope zikitikisika. Mwigizaji anayeendelea kueleza kwa maneno huzuni ambayo uso umeshaisema anaturudisha nyuma. Filamu nyingi za wakati ule ziliuzwa kwa sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, na kisa ambacho kingetosha kwa saa moja na nusu kilivutwa kama ugali uliozidi maji. Maongezi yanazunguka palepale. Muziki wa huzuni unaingia mapema, unatuambia tulie kabla hatujapewa sababu. Katika hili mwenzetu wa darasani ana haki, na mimi sitamtetea Kanumba.

Anayetaka kuona njia nyingine amtazame mzee wa Tanga, Amri Athumani, maarufu King Majuto, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2018. Naye alitoka jukwaani na alianza angali mtoto. Lakini Majuto, alipofika mbele ya kamera, alijua kuacha jicho lake lifanye kazi. Anaulizwa swali, anamtazama muulizaji, anautazama mlango, na sisi tunacheka kabla hajafungua kinywa. Ufundi huo ulipikwa kwa miaka hamsini na zaidi. Kanumba alikuwa na miaka kumi. Ninapowalinganisha simlaumu mdogo kwa kutokuwa mkubwa. Ninaonyesha tu alikokuwa akielekea, na kwamba njia ilikatika.

Tena, kuna dalili kwamba alikuwa akielekea huko. Anapocheza na watoto, katika Uncle JJ na This Is It, mwili wake unalegea. Mtoto hafuati mpango wa mwigizaji mkubwa, kwa hiyo inambidi Kanumba amngoje, amsikilize, amjibu. Pale mafunzo mema ya Kaole yanashinda yale mabaya. Hata jina la Uncle JJ linanifurahisha kama mwanafunzi wa lugha, maana neno la Kiingereza limeficha swali ambalo Kiswahili hakiwezi kulikwepa: huyu ni mjomba au baba mdogo? Kwetu Wamasaaba tofauti hiyo si ndogo. Mjomba ana nafasi yake hata siku ya tohara ya kijana.

Uso usiopepesa

Nimetaja tohara, na sasa nifafanue kwa nini, kwa kuwa hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Mimi ni Mmasaaba. Kwetu imbalu hufanyika kila mwaka wa namba shufwa, na ufunguzi wake rasmi huwa Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale. Mimi nilisimama mwaka 2018, nikiwa na miaka kumi na sita. Kwa siku kadhaa kijana huzunguka kwa ndugu akicheza, njuga zikilia, umati ukimfuata kwa nyimbo. Siku yenyewe husimama wima mbele ya watu, amepakwa unga usoni, ameshika fimbo, na kisu kinapopita hatakiwi kupepesa jicho. Wanaomtazama hawatazami kisu. Wanatazama uso. Akikunja kipaji, wameona. Akitetemeka, aibu ni ya ukoo mzima, na hadithi yake itasimuliwa mpaka azeeke.

Ukiitazama kwa jicho la mhakiki, imbalu ni maigizo makubwa. Ina hadhira, ina mavazi, ina ngoma, ina mwigizaji mkuu mmoja. Na kazi yote ya mwigizaji huyo ni kuwa na uso usiosema neno. Sijutii kusimama, nilijivunia siku ile na ninajivunia leo. Lakini aliyewahi kuufanya uso wake uwe ukuta anajua kwamba ukuta huo haubomoki siku ya pili. Unabaki nao. Baba anapougua una uso wa imbalu. Unapofeli mtihani una uso wa imbalu. Mchumba anapokuacha, wenzako wanasubiri waone kama utapepesa.

Sasa mfikirie Kanumba mbele ya hadhira ya namna hiyo. Mwanamume mrefu, mwenye mwili, nguo zake zimenyooka, anaingia katika kibanda cha Malukhu na kufanya kile ambacho kila mwanamume aliyemo humo ndani ameapa kutokifanya. Tena hakifanyi kizembe. Nimerudia kuzitazama filamu zake mwaka huu, mara hii nikiwa na daftari, na nimegundua kwamba katika matukio yake bora chozi huja mwisho. Kwanza anajizuia. Taya linakaza, anageuza uso pembeni kama mtu anayetafuta kitu chumbani, anameza mate. Sauti inaanza kukwama kabla ya macho kulowa. Tunayemwona ni mtu anayeshindana na uso wake mwenyewe, na ni katika kushindwa kwake ndipo tunapoguswa.

Hapa ndipo mwigizaji anapotofautiana na mliaji. Mliaji anatuonyesha chozi. Mwigizaji anatuonyesha juhudi ya kulizuia. Mpakiaji aliyevuta kofia yake mpaka puani aliyajua mapambano hayo. Alikuwa akipigana vita hiyohiyo kwenye benchi lake, na Kanumba akamtangulia kushindwa. Ndiyo sababu nasema huenda watu wa Dar es Salaam hawakuona tulichokiona sisi. Kwao yalikuwa masikitiko ya kisa. Kwetu alikuwa mwanamume aliyepepesa jicho mbele ya umati, na umati haukumzomea.

Lugha ya askari, lugha ya msamaha

Jambo la pili linahusu lugha yenyewe, na linatuhusu sote tunaosoma Kiswahili katika nchi hii.

Kiswahili cha Uganda kilikuja na sifa mbaya. Kilikuwa lugha ya askari wa wakoloni, kisha ya jeshi letu na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi hilo likazidisha hofu badala ya kuiondoa. Nyanya yangu, mama mzaa baba, ana maneno machache ya Kiswahili na yote ni amri: simama, kaa chini, lete kitambulisho, toa pesa. Aliyasikia mlangoni pake usiku, katika miaka ambayo hapendi kuisimulia. Nilipomwambia kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuoni aliniuliza kama ninataka kuwa mwanajeshi. Hakuwa akitania.

Sheria imejaribu kubadilisha mambo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hatua hizo ni njema. Lakini hakuna sheria inayoweza kumpa mtu kumbukumbu mpya ya lugha. Kumbukumbu mpya hutoka kwa mtu anayeitumia lugha hiyo mbele yako kwa jambo jingine.

Kwangu mtu huyo alikuwa Kanumba. Katika kibanda chetu filamu za Marekani, China na India zilichezwa pamoja na sauti ya mtafsiri wa Kiluganda, VJ Jingo na wenzake, ambao kwa kweli ni wasanii wanaostahili insha yao. Za Kanumba zilichezwa kama zilivyo. Mwenye kibanda alisema Kiswahili hakihitaji mtafsiri, nasi tukajikaza tuelewe. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mwanamume akisema kwa Kiswahili "nisamehe", "nimekosa", "usiniache", "naumia". Lugha iliyokuwa imemlaza nyanya yangu kifudifudi nilikuwa nikiisikia ikipiga magoti.

Kuna kinaya kichungu hapa, na mhakiki hawezi kukiruka. Mtu huyu aliyenipa Kiswahili alikuwa na aibu iliyomkabili upande wa pili. Mwaka 2009 alialikwa kama mgeni katika nyumba ya Big Brother Africa, na baada ya hapo watu wengi, Watanzania wakiwa mstari wa mbele, wakamcheka kwa Kiingereza chake. Alikuwa mwigizaji mwenye jina kubwa kuliko wote nchini mwake, na akachekwa kama mtoto aliyeshindwa imla. Ukitazama majina ya filamu zake, karibu yote ni ya Kiingereza: The Shock, Deception, Because of You. Chini ya picha kuna tafsiri ya Kiingereza, mara nyingi yenye makosa. Katika Devil Kingdom, kisa cha utajiri unaotafutwa kwa nguvu za giza, Kiingereza kimepewa nafasi kubwa ili mgeni kutoka Nigeria aweze kucheza naye, na hapo Kanumba ninayemjua anapungua. Maneno yanamtoka yakiwa yamepangwa. Kule kukatizana, kule kurudia neno, kule kusitasita kulikokuwa nguvu yake, vyote vimekaa nje vikingoja.

Wapo wanaosema alikuwa mtumwa wa Kiingereza. Naona hukumu hiyo ni nyepesi. Alitaka soko pana, alitaka Lagos na Johannesburg, na katika Afrika yetu aliambiwa kwamba mlango wa huko una ufunguo mmoja. Sisi wenyewe tunaoandika insha hizi kwa Kiswahili tunajua namna tunavyoombea kazi. Barua ya maombi huandikwa kwa Kiingereza, usaili hufanywa kwa Kiingereza, na shahada yetu ya Kiswahili tunaieleza kwa Kiingereza kwa mtu anayetabasamu. Tusimcheke Kanumba kwa jeraha tulilo nalo.

Machozi yanamwangukia nani?

Nilipousoma mswada wa kwanza wa insha hii mbele ya kikundi chetu, mwenzetu mmoja wa kike alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mwanamke aliyemliza, yeye analia lini?" Nilijibu haraka, nikajibu vibaya. Nimerudi kutazama tena, na ninakiri kwamba swali lake linaikata hoja yangu mahali penye uzito.

Katika nyingi ya filamu hizi mwanamume analia kwa sababu mwanamke amemfanyia jambo: amemsaliti, amependa pesa, amesikiliza mashoga zake. Chozi la mwanamume linageuka kuwa ushahidi mahakamani. Kadiri anavyolia vizuri, ndivyo mwanamke anavyohukumiwa kwa ukali. Naye mwanamke akilia mwishoni, kilio chake ni cha majuto. Anapewa machozi kama adhabu, ilhali mwanamume anapewa machozi kama heshima. Waigizaji wa kike waliokuwa na uwezo mkubwa walirudishwa tena na tena katika nafasi ya mjaribu au ya mvumilivu. Kanumba hakuyaanzisha hayo. Yamo katika filamu za Nigeria, yamo katika zile za India ambazo watazamaji wetu walizipenda kabla yake, yamo hata katika nyimbo zetu. Lakini alikuwa na kampuni yake na jina lake, na mtu mwenye nguvu hiyo anaulizwa.

Kwa hiyo hoja yangu lazima ipunguzwe kidogo ili iwe kweli. Kanumba alimfungulia mwanamume wa kibanda chetu mlango wa kulia. Hakumfundisha kila mara kuuliza kwa nini analia, wala kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba ambaye naye ana sababu. Mlango ulifunguliwa nusu. Nusu iliyobaki ni kazi ya watakaokuja, na ningependa mmoja wao awe huyo mwenzetu aliyeuliza swali.

Hitimisho

Nitamaliza kwa jambo dogo la nyumbani, kwa sababu bila hilo nisingeandika insha hii.

Mwaka mmoja baada ya kutahiriwa, dada yangu aliniachia shilingi elfu themanini nimtunzie. Yeye hununua mitumba Busia na kuiuza Mbale, na pesa ile ilikuwa mtaji wa safari yake ya Jumatatu. Niliicheza kamari ya mpira, ikaisha kwa siku mbili. Alipouliza nilimpa uso wa imbalu. Hakupiga kelele. Alikopa kwa mwenzake, akasafiri, akarudi, akaendelea kunipikia. Wiki tatu tulikaa hivyo, yeye akinipa chakula, mimi nikimpa ukuta.

Nilijaribu kumwomba msamaha kwa Lumasaaba, nikashindwa. Kila neno lililonijia lilikuwa na wazee nyuma yake wakinitazama kama nitapepesa. Jioni moja alikuwa akikunja nguo za kuuza, mlima Wanale umeshaanza kufichwa na giza, nikasema kwa Kiswahili, "Dada, nimekosa. Nisamehe." Alinyanyua kichwa, akanitazama, akaangua kicheko. "Unaongea kama Kanumba," akasema. Nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikaona siwezi kujizuia tena. Alisogeza nguo pembeni ili nikae. Pesa nilimlipa kidogo kidogo, nikamaliza baada ya miezi saba.

Mwenzetu alisema Kanumba alikuwa mliaji. Nimejibu kwamba katika kazi zake bora alikuwa mwigizaji wa kujizuia kulia, na kwamba katika kazi zake dhaifu mwenzetu ana haki. Alikufa kabla hatujajua ni upande upi ungeshinda. Kile kibanda cha Malukhu kimevunjwa, mahali pake pamejengwa duka la simu, na filamu sasa tunazitazama kila mtu kwenye simu yake, peke yake. Huenda ni rahisi zaidi kulia hivyo. Lakini ninashukuru kwamba mara ya kwanza nilipomwona mwanamume akilia kwa Kiswahili nilikuwa nimekaa benchi moja na wanaume wengine, na mbele yangu kulikuwa na mtu aliyevuta kofia.